DDD, ADD, AAD kwenye CD za klasiki: herufi hizi zinatudanganya au masikio yangu ndiyo mabovu?

#1 Bwana Mnada
Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita nilinunua mfuko mzima wa CD za muziki wa klasiki mnadani, vitu vya mgeni aliyekuwa anahama. CD 61 kwa bei ya kutupa. Mimi ni mtu wa dansi na taarabu, klasiki nilikuwa naisikia kwenye simu za maofisini ukiambiwa subiri. Nyuma ya makava mengi kuna kiboksi chenye herufi tatu: DDD, nyingine ADD, chache AAD. Jamaa mmoja kazini akaniambia D ni dijitali na A ni analogi, kwa hiyo DDD ndiyo daraja la kwanza, ADD la pili, AAD mlalahoi. Nikazipanga kabatini hivyo hivyo. Zile za A ambazo makava yamechakaa, kama 20, nikampa jirani bure.

Juzi nikasikiliza simfoni ya tano ya Beethoven (ile ya pa-pa-pa-paaam) mara mbili. Kwanza DDD moja ya miaka ya 80. Fidla zinachoma kama mtu anakwangua bati. Halafu nikaweka ya kondakta Carlos Kleiber na okestra ya Vienna Philharmonic, kampuni ya Deutsche Grammophon, namba 447 400-2, imeandikwa ADD. Wakuu, chai ilipoa mkononi.

Sasa daraja la pili linamshindaje la kwanza? Na hizi namba nyingine zote, K sijui 550, BWV, Op., za nini?

#2 Chai Rangi
Kondakta ana watu 80 kwenye gari na hadai nauli hata mmoja. Nimekaa paleee, wajuzi waje.

#3 Fundi Redio
Jamaa yako wa kazini amekulisha matango pori. Hizo herufi si madaraja.

Unaitwa msimbo wa SPARS, ni chama cha studio za kurekodi cha Marekani, ulianza 1984. Herufi ya kwanza ni mashine iliyonasa sauti siku ya kurekodi. Ya pili ni mashine iliyotumika kuchanganya na kukatakata vipande. Ya tatu ni masta ya mwisho, yaani nakala mama ambayo nyingine zote hutolewa. Kwenye CD ya tatu ni D siku zote, maana CD yenyewe ni dijitali, itakuwaje tena? Kwa hiyo unachoambiwa ni herufi mbili tu.

Na zinataja MASHINE YA KUREKODIA peke yake. Maikrofoni hawaisemi. Miksa hawaisemi. Ukumbi hawausemi. Sauti inaweza kupita kwenye miksa ya analogi ya mwaka arobaini na saba, mradi imeishia kwenye rekoda ya dijitali, wanaandika D. Chama chenyewe kiliukana msimbo huo 1991 kwa kuona unawachanganya wateja, halafu 1995 kikaukubali tena. Wenyewe walikuwa hawajui kama wanautaka.

#4 Mpemba wa Hamburg
Fundi yuko sawa, lakini hajajibu kwa nini hiyo DDD inachoma.

Sababu ni umri wake. Dijitali kwenye klasiki ilikuwa changa. Wajapani wa Denon walianza mapema, mwanzoni mwa miaka ya 70, lakini Ulaya ndiyo kwanza kampuni ya Decca wanarekodi tamasha la mwaka mpya la Vienna kwa dijitali 1979, na kondakta Karajan akaingia 1980. Mafundi walikuwa na mazoea ya kanda. Kanda hula kidogo sauti za juu, kwa hiyo mtu anasogeza maikrofoni karibu na fidla na kuongeza ukali, akijua kanda itapunguza. Kwenye dijitali hakuna kinachopungua. Alichotia ndicho alichokipata, na wewe ndiwe unayekipata leo. Hapa kwenye masoko ya vitu kuukuu Jumapili wazee wanaziacha hizo DDD za mwanzo, wanachukua kanda za miaka ya 60 na 70 zilizohamishiwa kwenye CD.

#5 Besi wa Kanisani
Mnazunguka mbuyu. Huyo ni Kleiber. Mrekodi hata kwa simu ya tochi, bado ni Kleiber.

#6 Fundi Redio
Mkuu Bwana Mnada, kabla hatujaenda mbali, unasikilizia nini? Usije ukawa unahukumu Vienna kwa sabufa.

#7 Bwana Mnada
Amplifaya ya zamani ya Kijapani, spika mbili za mbao nilizofumuliwa koni na kuwekwa mpya Kariakoo. Sabufa ipo ila nimeizima, naiwasha mashemeji wakija.

#8 Fundi Redio
Koni mpya kwenye spika kuu kuu, tayari hapo sauti za juu zimeharibika. Mimi naweka dau langu kwenye spika.

#9 Mkutubi
Habari zenu. Kuna kisa kinachopima hoja ya #4 na ya #5 kwa pamoja.

Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, alirekodi Goldberg Variations za Bach mara mbili: 1955 kwa mono, na 1981 kwa dijitali. Zote New York, kwenye studio ile ile ya Columbia ya mtaa wa 30. Hiyo ya 1981 ilitoka kama rekodi ya dijitali na CD zake zina DDD. Kumbe siku zile za kurekodi waliwasha na mashine ya kanda pembeni, kama akiba. Mwaka 2002 wenye mali wakaitoa upya, na safari hii wakachukua kanda za akiba badala ya masta ya dijitali, wakiona zina sauti nzuri zaidi.

Kwa hiyo mnayo piano moja, mtu mmoja, vidole vile vile, dakika zile zile. Toleo moja linaanza na D, lingine lilipaswa kuanza na A. Hapo hoja ya "ni Kleiber tu" inakwama, maana mpigaji hajabadilika. Na hoja ya "ni maikrofoni kusogezwa" nayo inachechemea.

#10 Mpemba wa Hamburg
Haichechemei hata kidogo. Masta ya 2002 ilitengenezwa na watu wa 2002 kwa vifaa vya 2002. Hujui unachokisikia ni kanda au ni miaka 20 ya ujuzi wa kuhamisha sauti. Ungetoa na ile ya dijitali upya, kwa mikono hiyo hiyo, ndipo tungelinganisha. Hata hiyo ya Kleiber: kanda ni ya 1974, lakini 447 400-2 ni toleo lililosafishwa upya miaka ya 90. CD yake ya kwanza ilikuwa 415 861-2. Hiyo nayo ADD. Herufi zile zile, na ninazo zote mbili: hazifanani.

#11 Besi wa Kanisani
Ndiyo maana nikasema ni Kleiber.

#12 Chai Rangi
Besi amepaki gari hapo na funguo ametupa mtoni.

#13 Mwalimu Alto
Wadau wa Bongo, salamu kutoka Nairobi. Mmesahau nusu ya swali. Huyu ameuliza K, BWV na Op.

Hizo si namba za rekodi, ni za utunzi. Msizichanganye. Op. ni opus, namba ambayo mtunzi au mchapishaji wake aliupa utunzi ukitoka: simfoni ya tano ya Beethoven ni Op. 67, ya tisa ni Op. 125. Mozart hakuwa na mpangilio wa maana, kwa hiyo Ludwig von Köchel akaorodhesha kazi zake kwa kufuata miaka, akachapisha 1862. Hiyo ndiyo K. Inaishia 626, ile misa ya wafu aliyokufa hajaimaliza. BWV ni ya Bach, aliyeipanga ni Wolfgang Schmieder, 1950. Hiyo haifuati miaka, inafuata aina: kantata mwanzo, vya kinanda baadaye. Kwa hiyo usiseme BWV 1007 imetungwa baada ya BWV 565 eti kwa sababu namba ni kubwa. Nimesahihisha insha za namna hiyo mpaka basi.

Handel ni HWV. Messiah ni HWV 56. Schubert ni D ya Otto Erich Deutsch, kwa hiyo ukiona D. 759 usidhani ni dijitali mara 759.

#14 Bwana Mnada
Mwalimu umenivua nguo hadharani. Mimi hiyo D. 759 niliiweka kwenye rafu ya DDD.

#15 Chai Rangi
😂😂😂 Uzi ufungwe.

#16 Mpemba wa Hamburg
Nyongeza kwa Mwalimu. Kijerumani wanaandika KV, Waingereza K, ni kitu kimoja. Na mkiona "K. 331 (300i)" msishangae: ni sonata moja yenye namba mbili. Wataalamu waligundua tarehe za Köchel nyingine si sahihi, toleo la 1937 likapachika namba mpya zenye vijiherufi ili mfuatano wa miaka ukae sawa. Watu wakaendelea kutumia za zamani, makava yakaandika zote mbili. Toleo la 2024 limeachana na mikia hiyo.

Halafu kuna WoO kwa Beethoven, maana yake "kazi isiyo na opus". Für Elise ni WoO 59.

#17 Mkutubi
Na namba haimaanishi kitu ni cha mwenyewe. Simfoni namba 37 ya "Mozart", K. 444, ni ya Michael Haydn. Mozart aliandika utangulizi tu. Namba imebaki, ndiyo maana mnaruka kutoka 36 hadi 38 kwenye makasha mengi mkadhani mmeibiwa diski.

#18 Mwalimu Alto
Kile kiminueti cha G ambacho kila mtoto wa piano hapa Nairobi anapigishwa mwaka wa kwanza, BWV Anh. 114, si cha Bach pia. Ni cha Christian Petzold. Wazazi hawataki kusikia. Wamelipia Bach, wanataka Bach.

#19 Mzee wa Santuri
Assalaam aleikum. Wanangu mwabishana A na D kama jambo jipya. Babu zenu walibishana haya haya mwaka 1925.

Kabla ya hapo mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa, sauti yake ndiyo iliyosukuma sindano kuchora nta. Hakuna umeme. 1925 ikaja maikrofoni. Chukua santuri ya klasiki ya kampuni ya HMV, ile nzito ya kuvunjika, itazame pale karibu na lebo ambapo mistari imekwisha. Utaona namba imechorwa. Hiyo ni namba ya matriki, ndiyo jina la kweli la rekodi. Ya kwenye lebo ni namba ya duka. Ukiona pembetatu ndogo kando ya namba ya matriki, imerekodiwa kwa umeme. Usipoiona, na ni ya zamani hizo, huenda ni pembe. Basi wako waliosema pembetatu imeua sauti ya binadamu. Wakaapa!

Kondakta Arthur Nikisch na okestra ya Berlin Philharmonic walirekodi hiyo tano ya Beethoven kwa pembe, 1913. Ilikaa pande nane. Kila upande namba yake ya matriki. Kwa hiyo simfoni moja namba nane. Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kurekodi na HMV hao hao, maikrofoni ilikuwa imeshaingia. Mimi wa huku Mombasa nilianzia kwa Siti, Nikisch nimemjua kwa sababu ya kuzichungulia namba.

#20 Fundi Redio
Shikamoo mzee wangu. Hii ya pembetatu sikuijua.

#21 Mzee wa Santuri
Marahaba. Tumia kioo cha kukuzia na taa ya pembeni, si ya juu. Taa ya juu haikuonyeshi kitu.

#22 Kashia Mstaafu
Mimi klasiki siijui hata moja, nimeingia kwa ajili ya namba. Nimekaa kaunta miaka 19.

Bwana Mnada, hiyo Kleiber yako msimbo pau wake, ile mistari, si unasoma 028944740028?

#23 Bwana Mnada
Mama yangu! Ndiyo. Umejuaje?

#24 Kashia Mstaafu
Namba ya katalogi imo ndani. 0289, kisha 447400, kisha 2, kisha 8. Umesema mwenyewe ni 447 400-2.

Hiyo 8 ya mwisho ni mlinzi. Chukua tarakimu 11 za kwanza. Za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11 ni 0, 8, 4, 7, 0, 2. Jumla 21, mara tatu ni 63. Za nafasi zilizobaki ni 2, 9, 4, 4, 0, jumla 19. 63 na 19 ni 82. Kufika kumi inayofuata, yaani 90, unahitaji 8. Ndiyo hiyo. Ukikosea kuandika tarakimu moja mashine inakataa. Nilikuwa naifanya kichwani mashine ikigoma, wateja wananiona mchawi.

#25 Mpemba wa Hamburg
Hongera sana dada, au kaka, sijui. Na hiyo 2 baada ya kistari ni aina ya kitu. Kundi la PolyGram (Deutsche Grammophon, Decca, Philips) walitumia -1 kwa santuri, -2 kwa CD, -4 kwa kaseti. Albamu moja, namba moja, mkia tofauti.

#26 Kashia Mstaafu
Dada. Na kwenye kaseti ndiyo tulikuwa tunakosea kila siku.

#27 Besi wa Kanisani
Sasa nisaidieni na mimi, maana yangu si ya burudani.

Kwaya yetu (Moshi) tulirekodi Haleluya ya Handel, sauti nne, kinanda cha kanisani, Kiswahili. Tukapandisha video kwenye mtandao. Siku ya tatu tunaambiwa sauti ile ni mali ya kampuni moja ya nje, na matangazo yakiingia hela inakwenda kwao. Handel alimaliza Messiah 1741! Nani ana mali hapo? Mtu mmoja akatuambia tatizo ni kwamba hatuna ISRC, tukiipata tumepona. Kweli?

#28 Mkutubi
Pole sana. Tenganisheni mambo mawili. Utunzi, HWV 56, hauna mwenyewe tena, ni wa wote. Lakini kila rekodi ya utunzi huo ina mwenyewe, na yenu ni yenu.

ISRC ni kitambulisho cha rekodi, si cha utunzi. Herufi na tarakimu 12: mbili za mwanzo kwa desturi ni za nchi, tatu za aliyesajiliwa kutoa namba, mbili za mwaka, tano za rekodi yenyewe. Inasimamiwa na IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi. Kila wimbo namba yake, kwa hiyo simfoni yenye sehemu nne ina ISRC nne. Ni ile ile ya Mzee wa Santuri na pande zake nane, isipokuwa haijachorwa kwenye nta. Tafsiri yenu ya Kiswahili nayo ina mtu aliyeitafsiri, huyo ni habari nyingine.

#29 Chai Rangi
Kwa hiyo ikianza na TZ imerekodiwa Tanzania, ikiisha mwaka 09 imerekodiwa 2009. Nimeelewa, nipeni cheti.

#30 Mkutubi
Hupewi cheti. Nchi ni ya aliyepewa uwezo wa kutoa namba, si ya studio, na siku hizi hata hilo halishikiliwi sana. Mwaka ni wa kutolewa namba. Kondakta Furtwängler alirekodi simfoni ya tisa ya Beethoven kule Bayreuth 1951, ISRC zilikuwa hazijazaliwa. Utakuta rekodi hiyo ina namba ya mwaka wowote ambao kampuni ilikaa mezani ikaipa.

#31 Fundi Redio
Besi, ISRC haitawaponya. Ule mtandao hausomi ISRC kwenye video yenu, haipo humo. Unachukua alama ya vidole ya sauti na kuilinganisha na ghala lao. Kwenye muziki wa kawaida kazi inakwenda vizuri. Kwenye klasiki kwaya elfu moja zinaimba noti zile zile kwa mwendo ule ule, mashine inachanganya mapacha. Wekeni pingamizi, andikeni ni rekodi yenu wenyewe na utunzi ni huru.

#32 Besi wa Kanisani
Tuliweka. Wakajibu wamepitia na wanashikilia dai lao. Tukaweka tena. Mwenyekiti wa kwaya akasema pengine tuimbe vibaya kidogo ili tusifanane nao.

#33 Mwalimu Alto
Si ni mashine inayosikiliza? Ingekuwa masikio ya mtu, Kiswahili kingetosha kuwatenganisha. Sisi tuliimba kipande cha Vivaldi, dai likaja la okestra. Hatukuwa na okestra! Tulikuwa na watoto na kinanda kimoja.

#34 Mpemba wa Hamburg
Lakini msizilaani mashine zote. Mashine ndiyo iliyofichua kashfa kubwa ya klasiki.

Joyce Hatto, mpiga piano wa Uingereza, alikufa 2006. Zaidi ya CD 100 zilikuwa zimetoka kwa jina lake kwenye kampuni ndogo ya mumewe, William Barrington-Coupe. Mwanamke mgonjwa, mzee, anapiga kila kitu, na wahakiki wanalia machozi. Februari 2007 msikilizaji mmoja akatia diski yake ya Liszt kwenye kompyuta, kompyuta ikamwambia: huyu ni László Simon. Wakalinganisha mawimbi ya sauti, kumbe kweli, ni rekodi ya Simon ya kampuni ya BIS. Wakapekua nyingine, nazo za watu. Nyingine wamezivuta au kuzikaza mwendo kidogo ili zisijulikane. Mume akakiri baadaye.

#35 Mkutubi
Na wala si ISRC iliyomkamata, wala alama ya vidole ya sauti. Ghala lile la kompyuta linatambua CD kwa kuhesabu nyimbo na urefu wa kila mmoja. Urefu tu! Dakika na sekunde zikifuatana vile vile, inasema ni diski ile.

#36 Mzee wa Santuri
Hapo ndipo nisemapo, kopo halifichi kilichomo. Namba ya kwenye lebo yaweza kubandikwa na yeyote. Ya kwenye nta ilichorwa siku ile.

#37 Fundi Redio
Hata CD ina ya kwake ya kwenye nta, mzee. Geuza upande unaong'aa, angalia pete ya ndani karibu na tundu. Kuna namba ya masta, na kuanzia 1994 mara nyingi kuna maandishi madogo "IFPI" yakifuatwa na herufi na tarakimu: moja ya mashine iliyochora masta, nyingine ya kalibu iliyofinyanga plastiki. Zilianzishwa kuwakamata watengeneza feki.

#38 Chai Rangi
Kwa hiyo isiyo na IFPI ni feki.

#39 Fundi Redio
Au ni ya kabla ya 1994. Wewe unapenda kukimbia na nusu ya sentensi.

#40 Bwana Mnada
Nimehesabu zangu 41 zilizobaki. 23 hazina IFPI. Kadhaa zimeandikwa "Made in West Germany" kwenye pete. Sasa nasoma matundu ya CD badala ya kuzisikiliza, mke wangu ananiangalia.

Swali la pembeni: ni kweli CD ina dakika 74 kwa sababu ya simfoni ya tisa?

#41 Besi wa Kanisani
Ndiyo. Sony walisema lazima ya tisa ienee kwenye diski moja, na ndefu waliyoipata ilikuwa hiyo ya Furtwängler ya 1951, dakika 74. Hiyo kila mtu anaijua.

#42 Mpemba wa Hamburg
Kila mtu anaijua, na Kees Immink, injinia wa Philips aliyekuwemo kwenye kazi ile, ameipinga kwa maandishi. Kwa maelezo yake Philips walitaka sentimita 11.5, na PolyGram ya kwao ilikuwa inajiandaa kwa kipimo hicho kule Hannover. Sony wakikubali, Philips wanaanza mbio wakiwa mbele. Kwa hiyo Sony wakasukuma 12. Beethoven alikuja kupamba.

#43 Besi wa Kanisani
Mtu wa Philips atasema nini kingine?

#44 Mkutubi
Turudi kwenye mada jamani, swali la #1 bado halijajibiwa. Tuna maelezo manne: maikrofoni karibu, masta mpya, Kleiber, spika za Kariakoo.

#45 Kashia Mstaafu
Na la tano: alinunua ya kwanza akiwa na mashaka, ya pili akiwa na chai.

#46 Fundi Redio
Bwana Mnada, fanya jaribio. Mkeo aweke diski bila wewe kuona, wewe useme ipi A ipi D. Mara kumi.

#47 Bwana Mnada
Nimefanya jana usiku. Kwenye tano ya Beethoven nimepata kumi kwa kumi, lakini mke anasema nilikuwa namtambua Kleiber kwa mwendo, si kwa sauti. Kwenye piano ya Schubert, zote mbili wapigaji tofauti, nimepata tano. Yaani ningerusha shilingi.

#48 Besi wa Kanisani
Kumi kwa kumi. Kleiber. Asanteni kwa kunisikiliza.

#49 Mpemba wa Hamburg
Tano kwa kumi kwenye piano kunaniunga mkono mimi! Ukali wa dijitali ya mwanzo unaumiza zaidi fidla nyingi zikiwa pamoja kuliko piano.

#50 Mwalimu Alto
Kwani zile 20 ulizompa jirani? Hizo ADD na AAD. Ungekuwa na za kulinganisha sasa.

#51 Bwana Mnada
Ndiyo nimetoka kwake sasa hivi. Wakuu, kaeni.

Amezitungika kwenye bustani ya mchicha. Zote. Kamba za katani, miti ya mianzi, zinazunguka na upepo zinametameta kuanzia saa moja asubuhi. Anasema ndege walikuwa wanamaliza mbegu, tangu azitundike hawatui. Nimepita mstari kwa mstari nimeinamisha shingo nasoma pete za ndani. Moja imegeuka rangi ya shaba kuanzia pembeni, kama imeungua. Kwenye pete imeandikwa "Made in U.K. by PDO".

#52 Mpemba wa Hamburg
Hiyo haikuungua kwa jua la jirani. Ni ugonjwa wa diski za kiwanda cha PDO kilichokuwa Blackburn, Uingereza, za takriban 1988 hadi 1993. Vanishi haikuikinga tabaka inayong'aa, kemikali za salfa kwenye karatasi za kijitabu zikaila taratibu. Lebo nyingi za klasiki zilipata hasara. Hiyo mwachie ndege.

#53 Mzee wa Santuri
Na nyingine zilizopo hapo kwenye mchicha ni zipi? Nisomee namba.

#54 Bwana Mnada
Mzee nimeandika 14 kwenye simu, sita ziko juu sana. Kuna kasha zima la Haydn, zimeandikwa Hob. I na namba.

#55 Mwalimu Alto
Hob. I ni simfoni zote, katalogi ya kazi za Haydn iliyopangwa na Hoboken. Sehemu ya I ni simfoni. Uliza kama ana Hob. I:94, ile yenye mshindo wa ghafla. Hiyo ndiyo ya kufukuzia ndege kweli kweli.

#56 Chai Rangi
Jirani anakataa kurudisha?

#57 Bwana Mnada
Hakatai. Anataka badilishano, mbili kwa moja, maana amekwishafunga kamba. Nimemwambia nitamletea DDD za miaka ya 80. Amezishika juani, akasema hizi zinametameta zaidi.